Sanamu za Wagiriki hazikuwa nyeupe, na mengine tunayokosea

Insha nyingine imetua mezani kwangu ikinieleza kwamba Wagiriki wa kale "walipenda weupe wa marumaru kwa sababu ni alama ya usafi". Nafundisha historia ya sanaa, na sentensi hiyo nimeipigia mstari mwekundu hadi nimechoka. Leo naandika hapa, yaishe.

Sanamu zile zilipakwa rangi. Nywele, midomo, macho, mavazi, hata mapambo ya mahekalu. Walitumia udongo mwekundu, kijani cha madini ya malakiti, na buluu ya Misri iliyopikwa tanuruni kwa mchanga, chokaa na shaba.

Mtazame yule msichana wa marumaru aitwaye Peplos Kore, aliyechongwa karibu mwaka 530 K.K. na kufukuliwa Akropoli, kilima cha mahekalu cha Athens, mwaka 1886. Waajemi walipoivunja Akropoli mwaka 480 K.K., Waathene walizifukia sanamu zilizoharibika, na udongo ukazikinga na jua na mvua. Ndiyo maana nywele zake bado zina wekundu unaoonekana kwa macho matupu. Mwanaakiolojia Mjerumani Vinzenz Brinkmann alipommulika kwa taa ya ubavuni na kwa mionzi ya urujuanimno, vazi lililodhaniwa halina kitu likatoa wanyama waliochorwa kwa mbele.

Na wenyewe walisema. Katika tamthilia ya Euripides ya mwaka 412 K.K., Helen anatamani uzuri wake ungefutika kama sanamu ifutwavyo rangi. Utafutaje kisichokuwepo? Mchongaji Praxiteles naye, kwa masimulizi ya mwandishi Mroma Plinius, alipoulizwa ni zipi kati ya kazi zake za marumaru azipendazo zaidi, alijibu: zile alizozitia mkono Nikias. Nikias alikuwa mchoraji.

Weupe uliletwa na mvua na miaka, kisha na watu. Mwaka 1764 Winckelmann, mwanahistoria wa sanaa wa Kijerumani, aliandika kwamba mwili kadiri ulivyo mweupe ndivyo unavyozidi kupendeza, na Ulaya ikamwitikia. Mwaka 1937 na 1938 wafanyakazi wa British Museum walizikwangua baadhi ya sanamu za Parthenon, hekalu kuu la Akropoli, kwa zana za shaba ili zing'ae weupe. Zikwanguliwe, jamani! Halafu mwanafunzi ananiambia ndiyo ladha ya Wagiriki.

Ushauri wangu ni uleule kila muhula: mbele ya sanamu, usianze na uso. Chungulia kwenye mikunjo ya nguo, nyuma ya masikio, chini ya mkanda. Rangi hubaki pale maji yasipofika.

Mengine nayapitia haraka. Farasi wa mbao wa Troya msimtafute kwenye Iliadi; utenzi huo unaishia kwenye mazishi ya Hektor, na habari za farasi zimo kwenye Odisei. "Kitabu cha Socrates" mnachoniomba hakipo, kwani hakuandika hata kimoja. Mnachosoma ni Plato na Xenophon wakimsimulia, kila mmoja kwa namna yake.

Na mwanafalsafa Epicurus hakuhubiri ulafi, kama wengi wanavyodhani. Raha aliyoitafuta ni kukosa maumivu na kukosa hofu. Mkate na maji vilimtosha, na aliwahi kumwomba rafiki amtumie kichungu kidogo cha jibini, ili siku akitaka kufanya karamu aweze. Huyo ndiye mlafi wenu.