Elimu kwa Umma: Arobaini ya Mzazi, Zaka ya Gunia na Torati ya Musa

Malalamiko kutoka sharika za Rungwe, Makete na Njombe yameongezeka tangu mavuno yaanze, na mengi ni ya aina mbili. Kina mama waliojifungua wanaambiwa wasiingie kanisani hadi siku 40 zitimie, au 80 kama mtoto ni wa kike. Wakulima nao wanadaiwa zaka, yaani gunia moja katika kila kumi, kwa sababu "Torati imesema". Tunaamini wanaosema hivyo wana nia njema. Hata hivyo wanakosea, na kosa hilo linaumiza watu.

Hesabu ya siku inatoka Mambo ya Walawi 12. Kwa mtoto wa kiume ni siku 7 za unajisi, tohara siku ya 8, kisha siku 33. Kwa wa kike siku 14, kisha 66. Wengi huishia hapo. Someni aya ya 6! Siku zikitimia, mama alete mwana-kondoo wa mwaka mmoja wa sadaka ya kuteketezwa, pamoja na kinda la njiwa au hua wa sadaka ya dhambi, ampe kuhani mlangoni pa hema ya kukutania. Asiyemudu kondoo alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa, kama walivyofanya Mariamu na Yusufu (Luka 2:24). Hekalu lilibomolewa na Warumi mwaka 70, na tangu hapo Wayahudi wenyewe hawatoi sadaka hiyo. Basi mzee wa kanisa anayehesabu siku 40 bila kondoo wala kuhani anatekeleza sheria gani? Paulo aliwaandikia Wagalatia (5:3) kwamba anayekubali kutahiriwa amejifunga kuitimiza sheria yote.

Mzazi apumzike, akingwe na baridi, achotewe maji na kuni. Huo ni upendo. Kumzuia mlangoni ni jambo jingine kabisa: mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 alikuwa najisi kwa Torati, lakini alimgusa Yesu, naye Yesu akamwita binti (Marko 5).

Hatusemi Torati imefutwa. Yesu alisema hakuja kuitangua bali kuitimiza (Mathayo 5:17). Amri 10 tunazifundisha kila darasa la kipaimara. Sadaka na unajisi ndizo zilizotimizwa katika Kristo. Mitume walipokutana Yerusalemu (Matendo 15) hawakuwatwika watu wa mataifa tohara, bali waliwaagiza wajiepushe na vilivyotolewa kwa sanamu, damu, vilivyosongolewa na uasherati. Nguruwe, aliyekatazwa na Torati, hakutajwa.

Zaka ya Torati walipewa Walawi, kabila lililohudumu hemani, kwa kuwa hawakuwa na urithi wa ardhi (Hesabu 18), na ya kila mwaka wa tatu iliwekwa mjini kwa ajili yao na ya mgeni, yatima na mjane (Kumbukumbu 14). Anayeidai kwa hoja ya Torati aonyeshe kwanza ghala la yatima. Mkristo hutoa kwa moyo wa kupenda, si kwa kulazimishwa (2 Wakorintho 9:7). Sehemu ya kumi ni kipimo kizuri, lakini ubatizo au maziko hayazuiwi kwa sababu ya magunia.

Aliyezuiwa aongee kwanza na aliyemzuia, wawili peke yao. Isipofaa, arudi na mtu mmoja au wawili wawe mashahidi. Ikishindikana, aandike barua kwa mchungaji akitaja mtaa, tarehe na maneno yaliyosemwa, abaki na nakala, naye mchungaji aifikishe kwa baraza la wazee. Utaratibu huu unafuata Mathayo 18. Mzee akikaidi onyo la baraza, husimamishwa huduma kwa kufuata katiba ya kanisa lake. Barua isiyo na jina haishughulikiwi. Wakati shauri likiendelea, mama aendelee kuja ibadani na mtoto wake.