Bajeti ya kaunti: mambo tunayodanganyana kuhusu vikao vya maoni

"Usijisumbue, bajeti ishapitishwa, wanatuita tu wapate picha." Hii huzunguka kwa magrupu ya mtaa kila Mei kaunti ikitangaza vikao vya maoni, iwe Nairobi iwe Mombasa, na siwezi sema ni uongo mtupu kwa sababu nusu yake ni kweli.

Kisheria, Mei bado haijapitishwa. Serikali ya kaunti hupeleka makadirio kwa bunge la kaunti kufikia Aprili 30, mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1, na hapo katikati kamati ya bajeti inalazimishwa na sheria izingatie maoni ya wananchi. Kwa hiyo hujachelewa kabisa. Umechelewa kwa yale makubwa tu, na hapa ndio watu wengi hawajui mchezo unavyochezwa.

Iko hivi. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 imepanga bajeti kwa hatua. Septemba 1 bunge la kaunti linatakiwa liwe na mpango wa maendeleo wa mwaka, humo ndio miradi inaanza kutajwa. Halafu kufikia Februari 28 inaenda ile hati ambayo watu wa bajeti wanaiita CFSP (County Fiscal Strategy Paper), hiyo ndio inagawa, afya ichukue ngapi, barabara ngapi, maji ngapi, na MCA, yaani wajumbe wa bunge la kaunti, wana siku 14 za kuipitia. Wakishamaliza, viwango vimekaa. Kanuni za 2015 zinasema MCA wakigusa makadirio baadaye, nyongeza au punguzo la fungu lolote lisizidi asilimia 1 ya kiwango chake. Fanya hesabu: tuseme afya imewekewa bilioni 3, Mei mjae ukumbini mpaka wengine wasikilizie dirishani, mpige kelele mpaka sauti zikauke, kinachoweza kuongezwa hapo ni milioni 30. Sasa nyinyi mlikuja kudai hospitali.

Na sheria inasema hata hiyo hati ya Februari lazima wananchi waulizwe maoni yao. Tangazo lake hutoka, ila nani analifowadi? La Mei tunalifowadi na emoji za hasira, la Februari linapita hivi hivi.

Ingine ni ile ya kudhani ukipewa maikrofoni basi unaongea na serikali yote. Watu wanasimama wanalilia kituo cha polisi, basari ya chuo kikuu, walimu wa sekondari, barabara kuu iliyojaa mashimo, na afisa anaandika andika tu kwa adabu huku anajua hakuna kitu atafanya. Hizo ni za serikali kuu. Kaunti ukiishika, ishike kwa mambo yake: zahanati na hospitali za kaunti, chekechea, masoko, takataka, taa za mtaani, mitaro, barabara za mtaa, maji. Yote yako kwa Ratiba ya Nne ya Katiba ya 2010, ile sehemu inayogawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti. Kikao cha wadi kinaweza kwisha nusu yake imeliwa na mambo ambayo hata gavana akitaka hana fungu lake.

Na jinsi ya kusema nayo ina kazi. "Tunataka maendeleo" haiingii popote, karani hana pa kuiandika. Linganisha na mtu anayesimama na kusema: kwenye makadirio, idara ya afya, zahanati yetu imewekewa ukarabati wa milioni 4, sisi tunaomba hiyo pesa inunue jenereta kwanza kwa sababu stima ikipotea usiku kina mama wanajifungua kwa tochi ya simu. Huyo ametaja idara, mradi, kiasi na sababu. Kamati ikitaka kumpuuza itabidi ijikaze kweli kweli.

Kuna wanaoogopa ati ni mambo ya wasomi na kizungu. Wapi! Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi, kifungu cha 7 cha Katiba kiko wazi, zungumza Kiswahili chako cha Likoni bila wasiwasi. Na kama huna muda wa kukaa kwa viti vya plastiki asubuhi nzima mkingoja wakubwa waliochelewa, andika. Maoni ya maandishi yanakubalika na mimi hata nayapenda zaidi, ukurasa mmoja unatosha, unapeleka nakala mbili, moja wanakupigia muhuri unarudi nayo nyumbani. Maneno ya ukumbini yanaweza potea, karatasi yenye muhuri ni ngumu kuikana.

Tukija kwa koti, watu wamejifunza nusu. Ni kweli kikao kikiwa cha uongo sheria inaweza anguka: 2014 Mahakama Kuu ilifuta sheria ya fedha ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa inavyostahili. Lakini kushirikishwa haimaanishi lazima utakacho kifuatwe. Sheria ya Fedha ya 2023, ile ya serikali kuu, ilifutwa na Mahakama ya Rufaa Julai 2024, ushiriki wa umma ukiwa moja ya sababu, kisha Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Juu ikairudisha. Kwa hiyo ile ya "wakikataa maoni yangu tunaenda koti bajeti inaanguka", pole pole.

Hapo hapo niseme, mswada wa fedha na bajeti si kitu kimoja. Mswada wa fedha ni pesa inatoka wapi, ada za kibanda, leseni, paking. Bajeti ni inaenda wapi. Kwa kaunti huo mswada huja baadaye, bunge likishapitisha matumizi lina siku 90 za kuushughulikia, kwa hivyo mama mboga aliyekuja kulalamikia ushuru wa soko kwa kikao cha Mei huenda amekuja siku isiyo yake, na hakuna aliyemwambia.

Ile karatasi ya kusaini mlangoni? Haisemi umekubali bajeti, inasema ulikuwepo. Ila ni kweli wao wataionyesha kama ushahidi kwamba walishirikisha watu, so ukisaini hakikisha umesema kitu pia, usisaini, unywe soda, uulize nauli, uende.

La mwisho ni "hati hazipatikani." Kama haziko kwa tovuti ya kaunti, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuziomba kwa maandishi, na afisa ana siku 21 za kukujibu. Siku 21 ni nyingi kama kikao ni wiki ijayo. Hati ya Februari iombe Januari katikati hivi, na ubaki na nakala ya ombi lako.