Zaburi ya 119 haijirudii bure

Wengi wakifika Zaburi ya 119, yenye aya 176, husema mtunzi kaishiwa maneno: sheria, amri, shuhuda, halafu sheria tena. Sivyo. Hili ni shairi la abjadi. Kiebrania kina herufi 22, na kila herufi imepewa aya nane zinazoanza nayo.

Tazama aya ya 105. Sisi tumezoea "Neno lako ni taa ya miguu yangu". Kiebrania kinatanguliza taa, "ner", maana ni zamu ya herufi Nun. Inafuata "nishbati", nimeapa, kisha "naaneti", nimeteswa. Taa, kiapo na mateso, vyote chini ya herufi moja! Aliyewahi kuhangaika na vina na mizani anaijua jasho yake. Tafsiri huupoteza ufundi huo, ingawa Biblia nyingine huacha majina ya herufi juu ya kila fungu.