Kigae kimoja hakimfanyi Msani kuwa mtumwa wa mtu

Picha ya Wasani, wawindaji wa jadi wa jangwa la Kalahari kusini mwa Afrika, ikiwekwa mtandaoni, hakosi mtu wa kuandika kwamba hao ndio masalia ya Enzi ya Mawe, hawajawahi kuonana na mkulima. Inachosha. Kwenye vilima vya Tsodilo, kaskazini-magharibi mwa Botswana, wakulima wa Nqoma walifuga ng'ombe, walivaa chuma na shaba, na kabla ya mwaka 1100 walikuwa na shanga za kioo zilizotoka Bahari ya Hindi. Wawindaji waliishi vilima hivyohivyo.

Wanaoniudhi zaidi ni wa upande wa pili. Wakichimbua vigae vitatu, yaani vipande vya vyungu vya wakulima au wafugaji, na kipande cha chuma katikati ya zana za mawe za wawindaji, tayari wameamua: Wasani walikuwa watumwa wa wafugaji. Mchanga wa Kalahari hautunzi kitu pale kilipoangukia. Mizizi, mchwa na wanyama wachimbaji huvishusha na kuvipandisha. Kule Gombe, Kinshasa, kwenye mchanga wa aina hiyo, vipande vya jiwe moja viliungana vizuri ingawa vilichimbuliwa tabaka tofauti. Basi jaribu kuunganisha vipande kwanza, na upime umri kwa kaboni kwenye mfupa au jino lenyewe, si kwenye mkaa wa jirani. Jino lililovunjika nalo usilikimbilie: la nyati na la ng'ombe hufanana mno.

Halafu shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Kanuni inasema kipenyo chini ya 7.5 mm ni wawindaji, zaidi ya hapo wafugaji. Pima kwa kalipa (kifaa cha kupimia vipenyo) kipenyo cha nje na cha tundu, na zile ambazo hazijasuguliwa kingo ziweke kando, kwa kuwa bado ni kubwa. Ukichekecha kwa wavu wa 5 mm, ndogo nyingi hupita, wastani unapanda, na kambi ya wawindaji inasomeka kama ya wafugaji. Tumia 2 mm. Tena kanuni hiyo ni ya kusini mwa Afrika: mwaka 2019 watafiti Miller na Sawchuk walionyesha kwamba Afrika Mashariki shanga hazikubadilika ukubwa ufugaji ulipoingia.

Hata ukifanya yote sawasawa, kigae kinaweza kuwa ujira wa kuchunga, malipo ya ngozi, zawadi ya ukwe, au kimeokotwa kwenye kijiji kilichohamwa. Kikiwa peke yake, hakuna kipimo cha maabara kinachovitenganisha vinne hivyo. Vigae vingi vya chungu kimoja, vyenye masizi, kando ya meko, angalau vinaonyesha kwamba watu walipikia hapo.