PCOS na dawa za mitishamba: miezi mitatu bila hedhi haisubiri chupa iishe

PCOS ni nini?
Ni hitilafu ya homoni. Homoni za kiume huzidi, mayai hayapevuki kwa mpangilio. Hedhi huruka, chunusi hukithiri, ndevu huota kidevuni.

Je, mitishamba itayeyusha vile vifuko vilivyoonekana kwenye ultrasaundi?
Hakuna cha kuyeyusha. Ni vifuko vya mayai, milimita 2 hadi 9, vilivyokwama kabla ya kukomaa. Si uvimbe, si uchafu. Anayekuuzia dawa ya “kusafisha kizazi” anakutibu ugonjwa usio nao.

Uwatu na mdalasini, je?
Kwenye chakula, endelea. Shida ni dondoo kali za unga, vidonge na matone. Mdalasini aina ya kasia una kumarini, ambayo ikizidi hudhuru ini. Uwatu mwingi juu ya dawa za kisukari unaweza kushusha sukari kupita kiasi. Ukienda kwa daktari, beba pakiti yenyewe. “Dawa fulani ya mizizi” haitusaidii kitu.

Nimetumia miezi mitano, hedhi bado. Niongeze dozi?
Hapana. Pima mimba leo, kisha nenda hospitali. Yai lisipopevuka, projesteroni (homoni inayotuliza ukuta wa mfuko wa uzazi) haitengenezwi, na estrojeni, homoni nyingine ya kike, huendelea kunenepesha ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi bila ukuta huo kumomonyoka. Hali hiyo ikiendelea kwa miaka, saratani inaweza kuanzia hapo. Kama huna mimba, hunyonyeshi wala hutumii njia ya uzazi wa mpango inayosimamisha hedhi, siku 90 bila hedhi zinatosha kukupeleka hospitali. Tunahesabu tangu hedhi ya mwisho, si tangu ulipofungua chupa!

Damu imetoka baada ya kunywa. Nimepona?
Usijidanganye. Ukuta ulionenepa humeguka wenyewe: matone wiki nzima, au damu nyingi ghafla. Hiyo si dalili kwamba yai limepevuka. Pedi ikijaa kila saa, nenda sasa hivi.

Na kama hedhi haiji lakini sijisikii vibaya?
Nenda vilevile. Ukuta unaonenepa hauumi.

Hospitali watanipa nini?
Watapima presha na sukari. Mara nyingi hutolewa vidonge vya projesteroni kwa siku 10 hadi 14, na damu hutoka siku chache baada ya kuvimaliza. Au vidonge vya uzazi wa mpango. Anayetafuta mtoto kwa kawaida huanza na letrozoli, dawa ya kupevusha mayai. Mwenye uzito mkubwa akipunguza asilimia 5 hadi 10, hedhi inaweza kurudi.