Kabla hujanunua saundibaa, sikiliza taarifa ya habari

Mwezi uliopita mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliniita nyumbani kwake hapa Tanga nikamtazamie televisheni. "Fundi, mwanangu," akaniambia, "sauti naisikia, hata jirani anaisikia, ila wanachosema sikipati." Kijana wake alikuwa amemletea sabufa kutoka Dar es Salaam, kubwa, ina spika tano na taa za rangi. Nikawasha taarifa ya habari. Kioo cha dirisha kikatetemeka, na msomaji akasikika kama anaongea ndani ya pipa.

Mzee hakupungukiwa sauti. Alipungukiwa maneno, na sabufa ilizidi kuyafukia. Nafunga spika misikitini, makanisani na kumbini, na kosa hili nalikuta kila mahali: mtu anahitaji usikivu, anauziwa kishindo. Kwenye saundibaa, zile spika ndefu za kuweka chini ya TV, hasa za bei nafuu, kosa lenyewe ni rahisi zaidi kulifanya, kwa sababu boksi lote limeandikwa habari za kishindo.

Turudi kwenye TV yenyewe. Zile za chogo zilikuwa na kasha pana, na spika zake zilimtazama mtazamaji usoni. TV bapa haina nafasi hiyo. Spika zake ni ndogo, nyingi zimeelekezwa chini au nyuma, hivyo sauti inagonga kwanza kabati na ukuta ndipo ikufikie. Sauti nzito husambaa kila upande, lakini sauti nyembamba husafiri kama mwanga wa tochi: usipotazamana nayo, nyingi inakupita.

Na hizo nyembamba ndizo zinazobeba maana. Sema polepole: soka, shoka. Suka, shuka. Fika, shika. Irabu ni zilezile. Kinachotofautisha ni mvumo mdogo wa s, sh na f, ambao nguvu yake kubwa iko juu, kuanzia kama hezi (mitetemo kwa sekunde) 2,000 hadi 8,000 na zaidi. Mlio wa msingi wa koo la mwanaume anayeongea uko karibu na hezi 100, wa mwanamke karibu na 200. Sabufa, spika ya besi, hufanya kazi huko chini. Ukiizidisha, sauti nzito hufunika zile za juu sikioni, na mtazamaji anabaki na irabu tupu. Umri nao huanza kula masikio kutokea juu. Ndiyo maana mjukuu anaelewa tamthilia iliyotiwa sauti za Kiswahili huku babu yake akiuliza kila dakika, "Amesemaje?"

Kwa hiyo mteja akinijia na laki mbili au tatu mkononi, swali langu la kwanza ni moja: unatazama nini? Kama ni habari, mpira na tamthilia, namwambia aache sabufa ya pembeni, achukue saundibaa ya kipande kimoja yenye spika nzuri zinazotazama mbele. Kwa pesa ileile, boksi lenye sabufa limegawanya gharama mara mbili, na mara nyingi kilichopunjwa ni spika zile zinazopaswa kusema maneno. Ukiona 2.0, ni njia mbili, kushoto na kulia. 2.1 imeongezwa sabufa. 3.1 ina njia ya katikati, na filamu nyingi huweka mazungumzo humo. Ukiipata kwa bei unayoiweza, ichukue. Saundibaa ya njia mbili inayotangaza sauti ya kuzunguka chumba kizima inafanya kiini macho kwa hesabu za kielektroniki, na hizo hesabu mara nyingi huyavuruga maneno. Nikiifunga nyumbani kwa mtu, kitu cha kwanza ninachozima ni hicho.

Sasa wati. Hapa nawaomba mnisikilize kwa makini, maana pesa nyingi hupotelea hapa. Boksi linaweza kuandikwa PMPO wati 2,000 au 5,000. PMPO ni namba ya kuuzia, haina kipimo kimoja kinachokubalika. Geuza adapta yake usome maandishi madogo. Ukikuta volti 12 na ampea 2, zidisha: 12 mara 2 ni 24. Chombo hakiwezi kutoa mfululizo nguvu kubwa kuliko inayoingia, hivyo hiyo saundibaa yote, taa zake na Bluetooth yake pamoja, inaishi ndani ya wati 24. Kama umeme unaingia moja kwa moja bila adapta, tafuta namba yenye neno RMS, yaani nguvu ya mfululizo.

Wati 24 za kweli zinakutosha. Spika ya kawaida ikipewa wati 1 hutoa kama desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 ukiwa mita moja mbele yake, na mazungumzo ya watu wawili yako karibu na 60. Tena ukiongeza nguvu maradufu unapata desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaitambua kwa shida. Aliyekwambia ya wati 100 inavuma mara mbili ya ile ya 50 hakukueleza kweli.

Dukani, muuzaji atakupigia bongo fleva yenye besi nzito, na utaipenda, kila mtu huipenda. Nenda na yako. Weka kwenye flashi au simu taarifa ya habari iliyosomwa na mwanamke, nyingine iliyosomwa na mwanaume, na dakika chache za mtangazaji wa mpira uwanja ukipiga kelele nyuma yake. Mwombe muuzaji apunguze sauti mpaka iwe chini ya mazungumzo yenu. Halafu sikiliza. Ukizipata herufi zote kwa sauti ndogo, humo mna spika. Sogea pembeni hatua mbili kama mtu aliyekaa kochi la ukutani, sikiliza tena. Ikikulazimu uongeze ndipo uelewe, irudishe.

Tukija kwenye kuunganisha, tafuta tundu la HDMI, lile la waya wa picha na sauti, lililoandikwa ARC, kwenye saundibaa na kwenye TV yako, kwa hiyo liangalie la nyumbani kabla hujatoka. ARC ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, hivyo TV nyingi za miaka ya karibuni zinayo. King'amuzi kinachomeka kwenye TV, na TV yenyewe inarudisha sauti kwenye saundibaa kwa waya mmoja. Faida yake kubwa kwa wazee ni rimoti moja tu mkononi. Ila lazima uwashe CEC, inayoviwezesha vifaa kuamrishana kwa waya huo, kwenye menyu, na kila kampuni imeipa jina lake: Samsung huiita Anynet+, LG huiita SIMPLINK, Sony huiita BRAVIA Sync.

Bila ARC, tumia optiko, waya unaopitisha sauti kwa mwanga. Ncha zake huja na vifuniko vidogo vya plastiki, na nimeitwa zaidi ya mara moja kutengeneza saundibaa "mbovu" ambayo vifuniko hivyo havikuvuliwa. Sauti isipotoka kabisa kwa ARC au optiko, ingia mipangilio ya sauti ya TV uchague PCM, sauti isiyobanwa, kwani saundibaa nyingi za bei ndogo hazifungui sauti iliyobanwa kwa mfumo wa Dolby. Tundu la hedifoni nalo linafaa TV ya zamani. Bluetooth iachie muziki wa simu: mara nyingi huchelewesha sauti sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi, na midomo ikishatangulia maneno, mtu mwenye usikivu hafifu anayesaidiwa na kutazama midomo ananyang'anywa msaada huo.

Kuna jambo ambalo hakuna duka litakuuzia. Sebule zetu siku hizi ni vigae chini, ukuta mtupu, dari ya jipsamu na madirisha ya alumini. Neno moja linagonga pande zote na kurudi juu ya neno linalofuata. Mwaka 1895 chuo kikuu cha Harvard kilimpa mwalimu wake wa fizikia, Wallace Sabine, kazi ya kutibu ukumbi wa mihadhara ambao wasikilizaji hawakuelewa kitu. Sauti ilidumu humo zaidi ya sekunde tano. Sabine alibeba matakia ya viti kutoka ukumbi mwingine, akawa anayapanga usiku na kupima kwa filimbi ya kinanda na saa ya kupimia sekunde, na kadiri matakia yalivyoongezeka ndivyo mwangwi ulivyofupika. Sayansi ya sauti za majengo ilianzia kwenye matakia. Zulia kati ya kochi na TV, pazia zito na makochi ya kitambaa vitakufaidi kuliko kupanda daraja la saundibaa.

Kwa mzee tulianza hapo. Binti yake alikuwa na zulia limekunjwa stoo, tukalitandika. Sabufa nikaichomoa, nikafunga saundibaa ya 2.0 yenye ARC, na nikaileta mpaka ukingo wa mbele wa kabati, kwani ikirudishwa ndani ya rafu hunguruma kama mtungi. Nilipima kwanza nafasi kati ya miguu ya TV, na kimo, isije ikaziba jicho la rimoti. Mzee akasikiliza habari ya bei za mkonge mpaka mwisho bila kuuliza kitu, akasema, "Kumbe huyu binti anasoma vizuri hivi!"

Kingine, hakikisha saundibaa ina vitufe mwilini mwake. Rimoti za hizi za bei nafuu zikipotea ni shida kupata nyingine, na saundibaa nyingi ambazo watu huniletea kama mbovu ni nzima kabisa, zimekosa tu namna ya kutolewa kwenye Bluetooth.