Serikali zikigombana, mhamiaji Mwarabu ndo anafungasha: dhana potofu na ukweli

DHANA: Mwarabu akihamia nchi ya Kiarabu yuko kwao tu, lugha moja, nani atamgusa.

Hii naisikia sana na inaniuma, maana historia inasema kinyume kabisa. Waangalie Wayemeni waliokuwa Saudia hadi 1990. Walikuwa na nafasi ambayo wahamiaji wengine hawakuwa nayo, hawakuhitaji kafili (mwenyeji wa kumdhamini mgeni), mtu anafungua duka kwa jina lake mwenyewe na kulea watoto hapohapo. Agosti mwaka huo Iraki ikavamia Kuwait, na Yemen, ambayo wakati huo ilikuwa na kiti kwenye Baraza la Usalama la UN, ikakataa kuunga mkono vikwazo dhidi ya Iraki. Septemba Saudia ikafuta ile nafasi yote, tafuta kafili au ondoka, na ndani ya miezi michache zaidi ya watu laki 8 wakarudi Yemen, wengine wameuza mali kwa bei ya kutupa, wengi wakaishia kwenye vibanda pembeni ya mji wa Hodeidah, na humo kulikuwa na watoto waliozaliwa Saudia ambao Yemen ndo kwanza wanaiona.

Halafu kuna wanaosema walifukuzwa kwa sababu ya ile kura ya Baraza la Usalama ya kuruhusu vita dhidi ya Iraki. Hapana. Azimio hilo, namba 678, lilipigiwa kura tarehe 29 Novemba 1990, Yemen na Cuba zikapinga, na kufikia siku hiyo wengi walishavuka mpaka zamani. Kura ilileta adhabu nyingine, Marekani ikakata karibu misaada yote, ila watu wa kawaida walishaanza kulipa kabla.

Wapalestina wa Kuwait yaliwakuta yaleyale. Walikuwa kama laki 4 kabla ya uvamizi, PLO, chama cha ukombozi wa Palestina, ikaonekana iko upande wa Saddam Hussein, rais wa Iraki, na baada ya 1991 wakabaki makumi ya maelfu tu. Mwalimu aliyefundisha pale miaka 20 hakuna aliyemuuliza yeye binafsi anaunga mkono nani.

DHANA: Ubalozi ukifungwa, basi raia wote wa nchi ile lazima waondoke.

Si lazima. Juni 2017 Saudia, Emirates, Bahrain na Misri zilivunja uhusiano na Qatar siku moja. Zile tatu za Ghuba zikawapa raia wao siku 14 watoke Qatar, na Wakatari nao siku 14 watoke kwao, familia zilizooana zikakatwa katikati. Misri je? Haikuwaita watu wake, Wamisri kwa maelfu wakaendelea na kazi zao Doha, shida yao kubwa ikawa usafiri, maana ndege za moja kwa moja zilikatika, ikabidi wazungukie Kuwait au Oman. Mimi naona sababu iko wazi, pesa wanazotuma nyumbani Misri inazihitaji.

DHANA: Wale wanaoitwa “turcos” Amerika ya Kusini asili yao ni Waturuki.

Wengi walikuwa Waarabu, na sehemu kubwa Wakristo, kutoka Mlima Lebanon na Syria, ila karatasi zao zilikuwa za Dola ya Osmani, ile ya Waturuki iliyotawala kwao, basi jina likawaganda. Na zile karatasi ziliamua mengi kuliko jina. Uingereza ilipoingia vitani na Waosmani mwaka 1914, Wasyria waliokuwa Australia, nchi iliyokuwa chini ya Uingereza, wakahesabiwa raia wa adui, wakatakiwa kujiandikisha. Kwa upande wa Marekani, Waosmani walivunja uhusiano nayo Aprili 1917, ila Marekani yenyewe haikuwahi kuwatangazia vita, kwa hiyo watu wa milima ileile, wenye karatasi zilezile, huko hawakuwa maadui.

DHANA: Orodha ya Trump ya 2017, ya nchi ambazo raia wake walizuiwa kuingia Marekani, ilikuwa ya usalama tu, mazungumzo ya serikali hayakuhusika.

Amri ya kwanza ya tarehe 27 Januari ilitaja nchi 7, Iraki ikiwemo. Baghdad ikalalamika, na ilikuwa inapigana na Daesh (kundi la Islamic State) bega kwa bega na wanajeshi wa Marekani, serikali mbili zikaongea, na amri mpya ya tarehe 6 Machi ikatoka bila Iraki. Syria na Yemen zikabaki kwenye orodha, na hazikuwa na serikali ambayo Washington ingeisikiliza namna ile.